Skyrim kwa miguu na gari la farasi: siku 31 kwenye njia ya vita

Safari hii ya ndani ya gemu iitwayo Skyrim ilianza Helgen na kuishia kwenye madhabahu ya mawe nje ya Whiterun, bila kuruka kwa ramani, yaani kufika mahali papo hapo kwa kupachagua kwenye ramani, hata mara moja. Saa ya Skyrim hukimbia mara 20 ya saa ya ukutani, kwa hiyo siku moja ya mle ndani ni dakika 72 za kwetu. Simulizi imeunganishwa baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari la njiani na picha za skrini, na siku zisizo na jambo zimepitwa kwa mstari mmoja.

Skyrim ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, na watu wengi huikumbuka kwa majoka. Lakini nchi yenyewe iko katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, waasi dhidi ya Dola, ndani ya Dola lililokwisha kuanguka ingawa bendera zake bado zinapepea. Anayevitafuta vita hivyo kwenye mapigano atavikosa, kwa sababu mapigano ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Vita vyenyewe viko barabarani, sokoni na mlangoni pa hekalu.

Yafaa kujua haya kabla ya kuondoka. Miaka 26 kabla ya hadithi kuanza, Dola lilimaliza Vita Kuu dhidi ya Wathalmor, watawala wa watu wa Altmer. Vilidumu kuanzia mwaka 171 hadi 175 wa Enzi ya Nne. Jeshi la Dola liliukomboa mji mkuu, kisha mfalme Titus Mede wa Pili akatia saini Mkataba wa White-Gold, uliopiga marufuku ibada ya mungu Talos na kutoa sehemu ya kusini ya Hammerfell. Wenyeji wa Hammerfell walikataa, wakapigana peke yao mpaka mwaka 180, na Wathalmor wakaondoka. Habari hiyo ya Hammerfell kaa nayo njia nzima. Itakurudia kila utakaposikia afisa akisema hapakuwa na njia nyingine.

Maandalizi: tumia toleo la Special Edition, linalotaka nafasi ya gigabaiti 12 kwenye diski. Washa hali ya kujinusuru, ile inayoleta njaa, baridi na uchovu. Ukiiwasha, kuruka kwa ramani hufungwa, afya hairudi yenyewe, na huwezi kupanda ngazi ya uwezo mpaka ulale kitandani. Magari ya farasi yanaendelea kufanya kazi. Hifadhi mchezo kwa mkono kila unapofika mlangoni pa mji, katika nafasi tofauti tofauti. Usitegemee hifadhi ya kujiendesha peke yake, maana umeme ukikatika wakati inaandika, faili linaweza kuharibika.

Siku ya 1, Sundas tarehe 17 ya mwezi Last Seed. Helgen hadi Riverwood

Mkokoteni unashuka na wafungwa wanne: Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi, aliyezibwa mdomo, askari wake Ralof, mwizi wa farasi aitwaye Lokir, na wewe. Watu wakitaka kuruka sehemu hii huwa tunawazuia. Mkokoteni ukiingia getini, Jenerali Tullius wa jeshi la Dola yuko juu ya farasi akiongea na Wathalmor. Ni sekunde chache tu, lakini mambo yote ya baadaye yako ndani yake. Kisha majina yanasomwa. Lako halimo. Hadvar, askari mwenye orodha, anauliza afanyeje, na kapteni anaamuru orodha iwekwe kando, mtu aende kwenye gogo. Dola linalojinadi kwa sheria linakukata kichwa bila jina wala shtaka, na askari anayelitii anakuomba radhi.

Joka linapotua unachagua mtu wa kukimbia naye, Hadvar au Ralof. Njia ya chini ya ngome ni moja, na inapita kwenye chumba cha mateso cha jeshi la Dola. Usikipite mbio. Kuna mkoba wenye funguo malaya juu ya meza, na maiti ya mchawi ndani ya tundu la chuma. Hakuna mhusika anayesimama kukuhutubia juu ya chumba hicho. Kipo tu, kama stoo.

Ukitoka, shika barabara ya kaskazini. Kabla ya kijiji kuna mawe matatu yaliyosimama kando ya mto. Gusa moja, ujuzi wa aina hiyo utapanda kwa kasi zaidi kwa asilimia 20.

Riverwood ndipo wema wa watu unapoanza. Ukija na Hadvar, mjomba wake Alvor, mhunzi, anakukaribisha ndani. Ukija na Ralof, ni dada yake Gerdur, mwenye kinu cha mbao. Nyumba zote mbili zinakupa chakula na vitu vya njiani, na zote mbili zinakutuma kwa jambo lile lile: nenda Whiterun, mwambie Balgruuf, Jarl (mtawala) wa pale, atulinde. Kijiji kina nyumba chache tu, na ndani yake kuna familia ya Dola na familia ya waasi zinazonunua misumari na mbao kwa kila mmoja.

Fedha: kata kuni kwenye gogo la kinu. Ukiliachia shoka mpaka limalize mzunguko unapata vipande 6, na Hod, mume wa Gerdur, anavinunua kwa septim 5 kila kimoja. Kipande kina uzito wa 5, kwa hiyo usikate rundo usiloweza kulibeba hadi kwake. Chumba cha gesti ya Sleeping Giant ni septim 10, na bei hiyo utaikuta karibu kila gesti ya nchi.

Na hiyo septim yenyewe ni jina la ukoo wa Tiber Septim, mwanzilishi wa Dola la zamani. Tiber Septim ndiye Talos. Mungu aliyepigwa marufuku ndiye mwenye jina kwenye fedha inayomlipa askari anayekamata waumini wake.

Siku ya 2. Riverwood hadi Whiterun

Fuata mto ukiteremka nao. Katika mashamba yaliyo chini ya mji, kuvuna si wizi: kabichi, viazi na liki huchumwa bure. Ongeza nyanya moja kutoka sokoni, pika kwenye chungu cha gesti, upate supu ya mboga. Supu hii hurudisha afya moja na pumzi moja kila sekunde kwa sekunde 720. Faida kubwa iko kwenye pumzi: maadamu haishi kabisa, pigo la nguvu linaendelea kupatikana. Kwenye baridi ya kaskazini ni chakula cha moto pia. Tulibeba bakuli nane, na hazikutosha.

Mara unapopita geti la Whiterun, simama kidogo upande wa kulia, kwa mhunzi. Idolaf wa ukoo wa Battle-Born anataka panga za jeshi la Dola. Adrianne anamwambia kazi hiyo ni kubwa kwa mtu mmoja, amwone Eorlund Gray-Mane amsaidie. Idolaf anakataa katakata. Eorlund ndiye mhunzi bora wa Skyrim, lakini ukoo wake uko upande wa waasi. Ukifika kabla ya kuchagua upande wowote, mji huu unakuonyesha vita vikiwa bado ni ugomvi wa majirani.

Juu kidogo, mhubiri Heimskr anapaza sauti mbele ya sanamu ya Talos tangu asubuhi. Kisheria hapa ni ardhi ya Dola, ila walinzi wanapita bila kumgusa, kwa kuwa Jarl Balgruuf hajataka kuamua. Usiku kwenye gesti ya Bannered Mare muombe mwimbaji nyimbo za vita, moja baada ya nyingine. Ule wa Dola na ule wa waasi una muziki uleule, maneno tu ndiyo yamebadilishwa. Tumesikiliza mara tatu kuhakikisha.

Siku ya 3 na 4. Kijana wa Fralia

Mama mmoja sokoni, Fralia Gray-Mane, anauza vito na kulia mtoto wake Thorald, anayesemekana amekufa vitani. Yeye haamini. Ukiichukua kazi hii, ushahidi ni barua iliyofungiwa ndani ya nyumba ya Battle-Born. Kufuli linataka subira: nenda usiku, chuchumaa, na uwe na funguo malaya zisizopungua 10. Barua ni ya Jenerali Tullius mwenyewe. Inasema Thorald yuko mikononi mwa Wathalmor katika ngome ya Northwatch, na inashauri wasiulize zaidi.

Isome barua hiyo taratibu. Hiyo ndiyo picha kamili ya dola lililoanguka: jenerali anajua raia wake amefungwa wapi na nani, na anachoweza kufanya ni kumshauri rafiki anyamaze.

Angalizo: Northwatch iko pembe ya kaskazini-magharibi kabisa. Ukiwa ngazi ya chini, Wathalmor wa mle watakuua kwa umeme, ambao hula na nguvu zako za uchawi pia. Kama umejiunga na jeshi la Dola unaweza kumwomba Tullius amwachie kijana bila kumwaga damu. Sisi tulipita kwa upinde, usiku, tukapoteza nusu ya supu. Thorald akishatoka, harudi nyumbani. Anakwenda kujiunga na waasi, na anakupa maneno ya kumpelekea mama yake, ambayo wao wawili tu wanayajua. Hakikisha unarudi kwa Fralia kuyafikisha.

Siku ya 7. Solitude

Kwenye magari ya farasi nauli ya kwenda mji mkubwa ni septim 20, na miji midogo kama Dawnstar, Morthal au Winterhold ni 50. Ni vizuri kulipia Solitude kutoka Whiterun, kwani kutembea njia hiyo hakukuongezei kitu.

Ukiingia getini kwa mara ya kwanza, Roggvir anakatwa kichwa. Kosa lake ni kumfungulia Ulfric geti baada ya Ulfric kumuua Mfalme Mkuu Torygg. Miongoni mwa watu yupo mtoto wa kike, Svari, anayelia kwamba wanamuumiza mjomba wake. Tukio halirudiwi, kwa hiyo hifadhi mchezo nje ya geti. Baadaye dada wa Roggvir, Greta, atakuomba hirizi ya Talos iliyoko kwenye maiti. 

Kisha nenda Hekalu la Miungu. Hesabu vishubaka: vinane vina madhabahu, na cha tisa, cha Talos, kiko wazi. Hakuna aliyejenga ukuta kukiziba wala kuweka kitu kingine. Tulipiga picha nyingi za kishubaka hicho kuliko za joka lolote, na kama una dakika tano tu ndani ya gemu hii nzima, zitumie hapo.

Mitaani yuko ombaomba Noster Eagle-Eye, skauti wa zamani wa jeshi la Dola aliyepoteza jicho kazini. Ukimpa septim moja ujuzi wako wa maneno unapanda pointi 10 kwa saa nzima, na ukienda dukani mara moja bei zinakuwa nafuu. Ombaomba wote wanafanya hivyo. Kwa mwenye nyongeza ya Hearthfire ya mwaka 2012, chini ya mji kwenye shamba la Katla kuna mtoto Blaise, anayelala bandani. Wazazi wake walikuwa askari wa Dola. Walimwacha pale waende vitani.

Siku ya 8 na 9. Pango la Wolfskull, kisha baragumu

Kazi ya pango inatoka kwenye baraza la Ikulu ya Bluu. Mle ni mifupa inayotembea na wachawi, beba moto. Ukimaliza na kurudi kwa Falk Firebeard, msimamizi wa ikulu, Elisif mwenyewe, mjane wa Torygg, anakuita pembeni. Ana ombi: chukua baragumu la vita la mume wake, ukaliweke kwenye madhabahu ya Talos karibu na Whiterun.

Huyu ndiye mtawala ambaye Dola linataka awe Malkia Mkuu. Kwenye mji wake kishubaka cha Talos kiko wazi na Wathalmor wana ofisi. Naye anamzika mumewe kwa ibada iliyokatazwa, kwa mkono wa mgeni. Tuliamua kulibeba baragumu hilo safari yote iliyobaki kabla ya kulifikisha.

Siku ya 10 hadi 12. Markarth

Gari la farasi, septim 20, mvua. Mara tu ukiingia sokoni mwanamume anamchoma mwanamke kisu kwa jina la Forsworn, wapiganaji wa wenyeji wa Reach. Ukiwa na upinde mkononi na kidole chepesi unaweza kumwokoa mwanamke huyo, Margret.

Hapa ndipo mizizi ya vita ilipo. Wenyeji wa Reach, jimbo la Markarth, waliuchukua mji wakati Dola lilipokuwa limezama kwenye Vita Kuu. Ulfric aliukomboa mwaka 176 kwa ahadi kwamba Wanord, kabila kubwa la Skyrim, wataachiwa ibada ya Talos. Jarl Igmund bado anaizungumzia ahadi hiyo, maana aliyeitoa ni baba yake. Wathalmor walipojua, Dola likaivunja na kumfunga Ulfric. Tafuta pia kitabu kifupi kiitwacho The Bear of Markarth, kinachoeleza jinsi Ulfric alivyowaua wenyeji baada ya ushindi. Mwandishi wake ni msomi wa upande wa Dola, basi kisome ukijua hilo, kisha shuka mgodi wa Cidhna uwaone waliobaki wakichimba fedha ya ukoo wa Silver-Blood.

Angalizo kubwa: ndani ya ngome, Ondolemar wa Thalmor atakuomba umtafutie ushahidi kwamba mzee Ogmund, mwimbaji, anamwabudu Talos. Ushahidi ni hirizi nyumbani kwake. Gemu haikukatazi, inakupa hata malipo. Ukikubali, kazi itakaa daftarini mpaka uimalize kwa kumchongea mzee, maana hakuna njia ya kuifunga kwa wema. Sisi hatukuichukua.

Siku ya 13 hadi 15. Gari hadi Whiterun, usingizi, kupika.

Siku ya 16 na 17. Whiterun hadi Windhelm kwa miguu

Mbele ya Whiterun, kwenye minara ya Valtheim, mwanamke wa majambazi anadai ushuru wa septim 200. Ujuzi wa maneno ukitosha unaweza kumshawishi. Njiani tulikutana na Wathalmor watatu wakiburuta mfungwa aliyefungwa mikono. Wakikuuliza habari za Talos, jibu la "ndiyo" ni vita papo hapo. Baada ya Valtheim hali ya hewa inageuka. Usikanyage maji hata ya magoti, kwenye hali ya kujinusuru yanaua haraka kuliko mbwa mwitu.

Anayefika Windhelm akiwapenda waasi anapokelewa na jambo gumu: Rolff, ndugu wa kamanda Galmar, anamtukana mwanamke wa Kidunmer getini. Wadunmer ni wakimbizi wa mlipuko wa Mlima Mwekundu wa mwaka 5 wa Enzi ya Nne, na karne mbili baadaye bado wamesongwa kwenye mtaa mmoja, Gray Quarter. Waargonia, watu wenye umbo la mijusi, wanaopakua meli hawaruhusiwi kabisa kulala ndani ya kuta. Tafuta Brunwulf Free-Winter kwenye gesti ya Candlehearth. Ni Mnord aliyepigana Vita Kuu, na anasema wazi kwamba Ulfric hupeleka askari haraka Wanord wakishambuliwa, lakini si kwa wengine.

Na upande wa pili wa kioo uko hapa. Ombaomba wa Windhelm, Angrenor, ni askari wa Ulfric aliyejeruhiwa akaachwa. Mtoto anayeuza maua barafuni, Sofie, baba yake alikuwa askari wa Ulfric na hakurudi. Noster na Angrenor, Blaise na Sofie: wametengwa kwa nchi nzima, na hakuna kazi yoyote inayokutuma kuwalinganisha. Ni mtu aliyetembea tu ndiye atakayewaona wote wanne. Kumchukua Sofie kunahitaji nyumba yenye kitanda cha mtoto. Ya bei ndogo ni Breezehome ya Whiterun, septim 5,000, pamoja na 250 za chumba cha watoto.

Siku ya 18 hadi 26. Majoka, mapango, kupanda High Hrothgar, makao ya watawa mlimani. Mtu akiwa Ivarstead amwombe Klimmek mzigo wa vyakula vya watawa, maana ngazi za kupandia mlima ni zilezile.

Siku ya 27. Ubalozi wa Thalmor

Mpe Malborn, mtumishi wa ubalozi anayekusaidia kwa siri, silaha, dawa na funguo malaya kabla ya karamu. Usichompa hukioni mpaka urudi Riverwood. Ndani, shika jalada la Ulfric. Limeandika kwamba alitekwa kwenye Vita Kuu, akahojiwa, akaaminishwa kwamba maneno yake ndiyo yaliyouangusha mji mkuu. Wathalmor hawataki ashinde, wala hawataki ashindwe. Wanataka vita viendelee.

Siku ya 30. Meza ya amani

Ikiwa hujamaliza vita, wakubwa wote hukutana High Hrothgar, na wewe ndiye mwamuzi. Waasi wanapewa Markarth, Dola linapewa Riften. Kwenye kiti cha Markarth anakaa Thongvor wa Silver-Blood, kwenye cha Riften anakaa Maven Black-Briar. Wenye migodi na wenye kiwanda cha pombe wamekuwa majarl bila kurusha mshale.

Kwa anayetaka kupigana badala ya kuamua: mapambano ya ngome ni asilimia inayoshuka kwenye skrini huku askari wachache wakizaliwa upya nyuma ya kuta. Gemu ilitengenezwa kwa mashine za mwaka 2011, na jeshi halijai uwanjani. Ukiliteka Whiterun, hata hivyo, tembea mitaani kesho yake uone nyumba zilizoungua.

Siku ya 31, tarehe 16 ya mwezi Hearthfire. Madhabahu

Alama ya kazi itakupeleka nje ya Whiterun, kwenye sanamu ya Talos iliyoachwa porini. Theluji ilikuwa imekoma. Gusa madhabahu kwanza, baraka yake hupunguza muda wa kungoja kati ya sauti za joka (maneno ya nguvu unayoyapaza) kwa asilimia 20 kwa saa 8. Kisha liweke baragumu. Linabaki pale juu ya jiwe, na ukipita tena baadaye utalikuta.

Nauli ya magari ilikuwa septim 60. Vyumba 110, ushuru wa Valtheim 0, ombaomba 4.